Sahani iliyofunikwa: jinsi riwaya ya kidato cha sita ilivyotuwekea tanga Bangwe

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni mbishi, hadithi za watu huwa siziamini kirahisi. Hii nisingeiamini kama nisingekuwepo. Sijaongeza chumvi.

Ni miaka ile watu wanavuka ziwa kutoka Kongo, wanashuka Kigoma na mabegi yaliyolowa. Nilikuwa kidato cha sita, kwetu ni Rusimbi. Rafiki yangu Amani alikuwa anakaa Bangwe, chumba cha kupanga, na mama yake na baba yake mdogo. Baba yake mzazi alibaki ng'ambo. Alisema atakuja na boti inayofuata.

Hakuja.

Kila jioni Mama Amani alipakua chakula cha mumewe, akakifunika, akakiweka kando. Asubuhi baba mdogo alikila kiporo.

Sasa, kwenye pepa ya fasihi tulikuwa na riwaya moja kongwe. Mle ndani kuna mwanamke ambaye mumewe amekwenda vitani, na kila jioni anamfunikia sahani yake. Mnaona wenyewe.

Nakala ya shule ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho. Mwisho tuliusoma kwenye mwongozo, kama wanafunzi wengi tu. Mwongozo ulisema sahani ni ishara ya matumaini, mhusika ni kielelezo cha subira, dhamira kuu ni uaminifu katika ndoa. Nilimuuliza mwalimu, je, mume anarudi? Akaniambia niandike "matumaini" nipate maksi zangu.

Amani alikuwa anamsomea mama yake alasiri, pale mchangani anapoanika dagaa. Mama alimsema mama mkwe wa kwenye kitabu kama anamsema jirani. Alipouliza mwisho, Amani akamwambia kilichoandikwa kwenye mwongozo, kwamba sahani ni matumaini.

"Basi alirudi," mama akasema, akaendelea kugeuza dagaa.

Baba mdogo alitaka tanga liwekwe, watu wakae msiba. Waliovuka baadaye walisema kijiji kimechomwa, na yeye aliamini mtu asipoliliwa hapumziki. Mama Amani alimjibu mbele yetu sote, "Shemeji, chakula chake unakula wewe, halafu unataka kumzika?"

Mambo yakaishia hapo.

Mimi nikaenda chuo, Dar. Maktabani nikaikuta ile riwaya nzima. Ukurasa wa mwisho yule mwanamke anafunua sahani, anakaa chini, anakula chote peke yake, anaiosha. Imeisha. Mume haonekani.

Kwenye semina tulibishana sana. Wengine walisema amekata tamaa. Wengine, amejikomboa. Jamaa mmoja akasema alikuwa na njaa tu, darasa likacheka. Mhadhiri akasema hakuna jibu moja. Nililipenda sana jibu hilo. Ukiwa Dar, umeshiba, linapendeza.

Likizo nikarudi na kitabu. Amani akanivuta pembeni, akaniomba nisikifungue pale kwao. Lakini mama alishakiona mkononi mwangu. Akauliza kama hiki kina mwisho wake.

"Soma yote, mutoto yangu. Usinifiche."

Nikasoma. Akaacha kugeuza dagaa.

"Alikula chakula cha bwana yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Chote?"

"Chote."

"Basi alijua."

Nikaanza kueleza. Kwamba ni ishara tu, kwamba inaweza kuwa na maana nyingi, kwamba hakuna mahali mwandishi amesema mume amekufa. Nilitoa mhadhara mzima pale mchangani. Aliinama akawa anaokota takataka kwenye dagaa.

Jioni akapakua kama siku zote, ugali wa muhogo na samaki, mgebuka. Akaifunika sahani ya mumewe. Kisha akaifunua, akaisogeza katikati.

"Kuleni kikiwa cha moto."

Wakuu, chakula kile hakuna aliyewahi kukila cha moto. Baba mdogo, aliyekuwa analilia tanga miaka yote, alishindwa hata kunawa mikono.

Kesho yake tanga likawekwa. Watu walikuja mpaka kutoka Kasingirima. Mama akanyolewa nywele kama mjane. Kaburi halikuwepo.

Mpaka leo hakuna aliyeleta habari, ya kifo wala ya uzima. Tulimlilia mtu kwa ushahidi wa riwaya ambayo wasomi wenyewe hawajakubaliana inasema nini. Mama hataki tena kusomewa chochote. Amani bado anakwenda kusimama bandarini boti za ng'ambo zikitia nanga, anatazama wanaoshuka, akirudi nyumbani anasema alikuwa sokoni.

Somo nililopata ni dogo na halinisaidii. Chuo kilinifundisha kwamba maana ni nyingi. Hakikunifundisha la kufanya mtu anapochagua moja na kunyoa nywele.

Mliosoma fasihi, karibuni. Yule mwanamke alikula kwa nini? Mwenye jibu la matumaini aliandike hapa, nitampelekea Amani.

Mama yake sitampelekea.