Picha Ikirudi, Uliza Kama Ameshuka

Saa mbili asubuhi Kipanga amekwishavaa mkanda wa kupandia. Spana zinaning'inia kiunoni, ufunguo wa mtambo wa kurushia picha uko mfuko wa kifuani, kifungo kimefungwa. Anakaa kwenye ngazi ya chini kabisa ya mnara na kukunja mikono. Hapandi.

Kila mfanyakazi wa kituo anayeingia anamsalimu. Anaitikia vizuri, na hapandi.

Kipanga ni jina la kazini. Mimi niliyemzaa nina la kwangu, lakini hilo ni la nyumbani. Wazazi wenzangu, shule yangu iliishia darasa la saba na kupamba maneno sijui. Naandika ili mjue wanenu wanaopanda minara wanapandia nini.

Kituo hiki cha luninga hakitozi mtu. Ukiwa na antena, hata ya waya wa kuanikia nguo, unaona. Kilianza na vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Mzee aliyekianzisha alikuwa fundi redio. Kuta zilikuwa na mwangwi, basi akaazima magodoro ya dukani akayasimamisha ukutani. Mteja akija, godoro linashushwa likauzwe, na siku hiyo taarifa ya habari inasomwa kama mtu yuko kisimani. Watu walicheka wakamuuliza atakula nini kama hatozi. Akawajibu, "Hewa haina mlango. Nisimame wapi nidai kiingilio?"

Kipanga aliingia pale kufagia. Aliyemfundisha mnara ni fundi wa kwanza, ambaye mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili. Vingine viliungua siku watazamaji walipopiga simu kulalamika tamthilia imekatika, na aliyekuwa chini akawasha mtambo, kasahau kuna mtu juu. Hapo Mzee akaweka sheria: ufunguo wa kuwashia mtambo uwe mmoja, na anayepanda azime kwanza, kisha apande nao.

Nasi nyumbani tukapata desturi yetu. Luninga ikiingia chenga, najua mwanangu yuko juu. Naacha kila kitu, nakaa nazitazama hizo chenga kama mchezo wa kuigiza. Picha ikirudi, ameshuka. Nashusha pumzi, nateleka sufuria.

Mzee alipofariki, kiti kikakaliwa na mkwe wake, ambaye wote kituoni wamezoea kumwita Shemeji. Jumamosi moja upepo ukalegeza antena. Kipanga akapanda mchana, mechi ikiendelea. Chenga zikaingia. Haukupita muda, picha ikarudi. Nikamshukuru Mungu, nikatoka kuanika nguo huku naimba.

Mwanangu alikuwa bado juu.

Kilichomponya ni kwamba alikuwa hajaifikia antena. Anasimulia kuwa alisikia watu wakishangilia goli kwa kinyozi, chini ya mnara. Akapapasa kifua, ufunguo upo. "Nikajua wamechonga wa pili," anasema.

Kweli, Shemeji alikuwa ameuchonga kimyakimya, mechi isikatike na wafadhili wasinune. Kipanga akashuka, akaingia ofisini na mkanda wake. Shemeji akamwambia zilikuwa dakika chache tu, asikuze mambo.

"Shemeji, dakika chache ndizo zilizokula vidole vya mwalimu wangu," akamjibu. "Lete huo ufunguo wa pili. Au panda mwenyewe, mimi nibaki huku nikupokelee simu."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Shemeji akatishia kumfukuza, kisha akamwita mpandaji mzoefu wa minara ya simu. Bwana yule akavaa mkanda, akauliza ufunguo anao nani. Alipoambiwa hilo lisimsumbue, akavua mkanda, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo antena imezidi kuinama. Mitaa yote ya bondeni inaona chenga, na watu wanamzomea Kipanga njiani kwamba amewanyima mpira. Anawajibu wakamuulize mwenye ufunguo wa pili.

Hata mimi nilimbembeleza aache. Nikamwambia kufagia si aibu, mguu ubaki ardhini. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mama, nikiacha mimi, atapanda mtoto wa mwenzio asiyejua kuuliza."



Anachotaka ni ufunguo wa pili ukatwe kwa msumeno mbele ya wafanyakazi wote, na sheria ya Mzee iandikwe kwa rangi mlangoni mwa chumba cha mtambo. Siku hiyohiyo, anasema, atapanda. Wapo wasichana wawili wanaotaka kujifunza mnara; amewaambia somo la kwanza wanalipata sasa hivi, kwa kumtazama alivyokaa.

Nyumba yetu nayo iko bondeni. Majirani wananishauri nizime luninga, inakula umeme bure. Siizimi. Siku itakapoonyesha picha, nguo zitangoja. Nitampigia simu kwanza, aniambie mwenyewe kwamba yuko chini.