Risasi ya Mbawala

Vita vya pili vilipofika Lubondja, Henri alikimbilia Ubwari na mke mdogo. Florentine, mke mkubwa, akakimbilia porini na risasi za Henri. Kila mtu hubeba anachokipenda, aliwaambia wanawake waliomcheka, naye akawatangulia kucheka, maana aliyezoea kuchekwa hujifunza kuanza mwenyewe. Risasi alizificha ndani ya unga wa muhogo. Bunduki, ile ndefu aliyoiacha baba yake Henri, aliporudi kijijini aliizika chini ya mafiga, akawa anapika juu yake kama kuku anayeatamia mayai ya bata.

Kisha nyati akaingia mashambani. Watu wenye silaha walikuwa wamemmiminia risasi za kalashi, wakaenda zao. Yeye akabaki na vyuma vidogo matakoni, vidonda vinavyonuka, na hasira. Jirani yake Florentine, Casimir, alishinda juu ya mchikichi, nyati akimngoja chini kama askari wa bariyeri ya barabarani. Wanawake wakaacha kwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo. Ndipo wazee wakamwita Henri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua bunduki ile.

Henri alikuja na Chérie, mke mdogo, mvi zake mwenyewe amezipaka dawa ya viatu. Florentine aliona jasho jeusi likimteremka shingoni, akafurahi kuliko inavyomfaa mama wa kanisa.

Desturi ya wawindaji wa pale ni hii: risasi hutoka kwa mke wa kwanza. Mwindaji huchagua, na akishafumba kiganja, mke hasemi neno mpaka arudi. Akinyamaza, paja la nyuma ni lake. Akisema, hali hata kipande. Paja hilo Florentine alikuwa ameshalila moyoni tangu Henri alipoitwa: amelikata, amelikausha, amemnyima Chérie mbele ya watu.

Akazitandaza risasi juu ya ungo. Zote ziliingia bunduki ile ile. Tofauti ilikuwa pua, ile ncha ya mbele. Zenye pua laini, rangi ya majivu, zilikuwa za mbawala: hupasuka mara zinapogusa nyama. Zilizofunikwa shaba mpaka nchani ndizo za nyati, hupita ngozi na mfupa zikafika moyoni. Hakufundishwa na mtu. Alizikuta ndani ya nyama, miaka ile alipokuwa bado analetewa nyama. Na baba mkwe alikuwa akisema kwamba mnyama asiachwe aondoke na chuma mwilini, kwani atakwenda kukilipiza kwa mtoto wa mwingine.

Henri alizipapasa. Akazisogeza mbali na uso, akazirudisha karibu. Haoni tena kitu cha karibu, na mbele ya Chérie hawezi kusema kwamba haoni. Akaokota mbili zenye pua laini, akafumba kiganja.

Basi kazi ilikuwa nyepesi. Florentine alitakiwa kuheshimu desturi tu, na kesho angekuwa mjane mwenye sifa njema. Alikuwa ameanza hata kuchagua kitambaa cha msiba. Lakini tangu azaliwe hajawahi kunyamaza pale kimya kilipomfaa.

"Hizo ni za mbawala, baba Ketsia," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Utamuchokoza tu, atakuuwa."

Watu wakaguna. "Mama, paja limeenda," Casimir akanong'ona.

"Mi naona muzuri," alisema Henri.

"Basi sema, iko na pua gani?" Florentine akauliza.

Henri akakaza kiganja. Chérie ndiye aliyemfumbua vidole, akatazama, akasema polepole, "Ya majivu." Henri akazirudisha ungoni, akapewa mbili za shaba.

Nyati alianguka kwa mlio mmoja kando ya kijito, wala hakupata muda wa kukimbia. Walipompasua wakakuta vile vyuma vya kalashi katikati ya usaha, hata wachunaji wakamhurumia. Paja likaenda kwa Chérie. Florentine alikula bugali kwa sombe tupu, mlango wazi, maana angeufunga wangesema analia. Na harufu ya nyama ikaingia yote.

Jioni Henri alileta ganda la risasi, kama ipasavyo, pamoja na bunduki, maana njiani kwenda Ubwari askari wangeichukua. Akasimama mlangoni, akauliza alijuaje kuwa macho yake yamekwisha.

"Umejipaka dawa ya viatu mpaka ndani ya sikio," alisema Florentine.

Henri akacheka peke yake, akaondoka. Florentine akang'oa mafiga, akaanza kuchimba huku akijitukana taratibu. Bunduki ilikuwa nzito, na aliyebaki nayo, tena, ni yeye.