Ng'ombe Aliyetoka Bwawa la Tatu

Sikuombi uniamini. Mimi mwenyewe mtu akinisimulia kisa kama hiki humuuliza alikuwa amekunywa nini, alilala saa ngapi, na nani mwingine aliona. Nimesoma kemia ya maji chuo kikuu, na nyumbani kwetu Kimandolu, Arusha, walinichoka tangu nikiwa mdogo kwa sababu hata sala ya chakula nilikuwa naihoji. Basi nihoji na wewe. Ila ukimaliza, njoo unichome sindano kwenye kidole, uone kitakachotoka.

Haukuwa usiku. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, mwezi wa saba, siku zile ambazo ukungu wa Mlima Meru unashuka mpaka barabarani na watu wanavaa makoti mpaka saa nane mchana.

Nilikuwa na kazi ya mkataba kwenye mtambo mdogo wa majitaka chini ya Olasiti. Ni wa mtu binafsi na jina lake sitalitaja. Kuna mabwawa matatu yanayofuatana. Maji machafu yanaingia la kwanza, yanatoka la tatu, kisha yanashuka kwenye mfereji unaopita kati ya mashamba ya mahindi na maboma ya wafugaji. Maji yale yalikuwa na amonia nyingi, yananuka na kuchoma macho. Mtambo mpya ulikuwa unajengwa lakini haukuwa unakaribia kwisha, kwa hiyo wakaamua kufanya marekebisho ya muda. Walikodi mashine mbili za kupuliza hewa, wakagawa bwawa la tatu kwa mapazia ya turubai, wakazamisha humo vizimba vya wavu vilivyojaa vipande vya plastiki vyenye matundu. Bakteria wanajishika kwenye plastiki ile, wanapata hewa, wanakula amonia. Kazi yangu ilikuwa kuwalea na kupima maji.

Na wallahi walikula. Kila wiki amonia ilishuka. Bosi alianza kuniita Profesa, akaniambia ripoti ya Jumatatu ikiwa nzuri, mkataba wangu utakuwa wa kudumu. Niliibandika grafu ya amonia ukutani pale ofisini kama picha ya harusi.

Sasa nikuulize: amonia ikishuka, imekwenda wapi?

Naitrojeni haipotei kama moshi. Kundi la kwanza la bakteria linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi. Hao wa pili ni wavivu, hawapendi baridi, na hewa ikiwa pungufu wanasusa. Haya yote nilikuwa nayajua, niliyajibu kwenye mtihani. Kwenye kabati la ofisi kulikuwa na kopo la karatasi za kupimia nitriti, lakini mkataba ulitaka amonia tu, kwa hiyo kopo lile lilikaa na lakiri yake. Mimi ninayehoji kila kitu sikuihoji namba iliyokuwa inanisifu.

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, mama mmoja alifika getini. Jirani zake walimwita Mama Naserian. Ni mjane, boma lake liko chini kidogo kando ya mfereji. Alikuwa na ng'ombe watatu, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yanamlea mjukuu wake aliyeachwa na mama yake akiwa na miezi minne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ng'ombe wangu wawili wamekufa. Wanakunywa mfereji wenu, wanatetemeka, wanalala, hawaamki."

"Pole sana mama. Lakini maji yetu siku hizi ni mazuri kuliko zamani. Amonia imeshuka."

"Huyo amonia mimi simjui. Ninamjua ng'ombe wangu." Akatoa simu, akanionyesha picha. Ng'ombe mwekundu amelala ubavuni, ana baka jeupe begani, sikio la kushoto limechanjwa mara mbili, alama ya ukoo wao. "Huyu ni Sidai. Tulipompasua, damu ilikuwa kama kahawa."

Unasikia? Kama kahawa. Nitriti ikiingia kwenye damu inaiharibu isibebe hewa, na rangi yake inakuwa hiyohiyo. Hilo nalo nililisoma. Lakini Mzee Lomayani, mlinzi wetu, alikuwa pale anasikiliza, na mafundi wawili pia, na mimi nilikuwa Profesa.

"Damu ikikaa hubadilika rangi, mama. Ng'ombe anakufa kwa sababu mia moja. Ushahidi uko wapi? Ukileta ushahidi tutaongea. Haya maji hata mimi naweza kuyanywa."

"Utakunywa?"

"Nikipata kiu."

Mafundi wakacheka. Mama Naserian hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetaka kukumbuka sura, akarudisha simu kwenye mkoba, akaondoka. Mzee Lomayani akatikisa kichwa. "Wewe kijana, mdomo wako utakulisha kitu siku moja."

Jumapili ile nilikuwa peke yangu. Mzee Lomayani alikuwa kanisani, geti nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni. Nilishuka bwawa la tatu na chupa ya plastiki ili nichukue sampuli ya mwisho ya ripoti. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ambo ya bwawa sikuiona. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yangu. Nikachuchumaa, na mngurumo ukakatika.

Nilidhani umeme umekwenda. Lakini mapovu yalikuwa yanaendelea kuchemka juu ya maji. Hewa ilikuwa inaingia bila sauti.

Nikageuka. Mtu alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, mrefu, shuka jeusi, viatu vya matairi, upinde mdogo begani. Mkononi ameshika kamba, na kwenye kamba kuna ng'ombe. Wote wawili walikuwa wamelowa. Asubuhi ile pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi wa sigara. Mbele ya pua ya yule ng'ombe hapakuwa na kitu. Wala mbele ya mdomo wa yule mtu.

Utacheka, lakini kitu cha kwanza kilichonisumbua kilikuwa salamu. Sikujua niseme shikamoo au niseme mambo. Nikimtazama usoni namwona kijana wa rika langu, nikipepesa macho namwona mzee, nikirudia namwona kijana. Kwa hiyo sikumwamkia. Na yeye hakunisalimu.

"Umepitia wapi?" nikauliza. "Geti limefungwa."

"Ulisema nilete ushahidi."

"Nani amekutuma? Mama Naserian?"

"Maneno mengi. Shika kamba."

Nilitaka kumwambia atoke nje kabla sijaita polisi. Badala yake mkono wangu ulikwenda ukashika kamba. Nikamwona ng'ombe vizuri. Mwekundu. Baka jeupe begani. Sikio la kushoto limechanjwa mara mbili. Mnyama niliyemwona kwenye picha akiwa mzoga.

Yule mtu alimfunga kamba nyingine shingoni, akaikaza mpaka mshipa ukavimba kama mpira wa maji. Waarusha na Wamaasai wanajua kumtoa ng'ombe damu bila kumuua, nimeliona hilo mara nyingi kwenye sherehe. Alikuwa na mshale mfupi wenye ncha fupi usioweza kuzama ndani. Akauachia kwa karibu. Damu ikaruka.

"Chupa yako."

Nikaikinga. Usifikiri nilikuwa na ujasiri, mikono haikuwa inaniuliza. Damu ya mnyama aliye hai ni ya moto, inatoa mvuke kwenye baridi. Ile ilikuwa baridi kama bwawa. Na ilikuwa kahawa. Kahawa nyeusi iliyokaa kwenye birika tangu jana.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Unavyoandika siku zote."

Nikatoa kalamu, nikaandika kwenye lebo ya chupa. Mahali: bwawa la tatu, mlango wa kutokea maji. Saa: nne na dakika ishirini. Aliyechukua: jina langu. Mwandiko ulikuwa mzuri kabisa, hata haukutetemeka.

"Sasa kunywa."

"Sinywi."

"Si ulisema utakunywa? Watu walicheka. Mimi sikucheka."

Nikajaribu kuitupa chupa, vidole havikufunguka. Ng'ombe akageuza kichwa akanitazama. Yule mtu hakunigusa, hakupandisha sauti. Alisubiri tu, kwa chuki ya mtu asiye na haraka. Nikanywa funda moja. Ilikuwa na ladha ya chuma na sabuni.

"Amebaki mmoja," akasema. "Anakunywa saa saba."

Mashine zikanguruma tena, kwa ghafla hata nikaanguka kwa magoti. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu wala ng'ombe.

Ungefanya nini? Mimi nilikaa ofisini nikatafuta sababu. Gesi za bwawa. Usingizi. Dhamira inayonisuta kwa sababu ya yule mama. Karibu saa mbili nilijieleza mambo yenye akili sana, huku ladha ya chuma iko kwenye ulimi. Chupa ilikuwa mezani. Taratibu damu ile ilikuwa inapauka, na mara ikawa maji, maji safi ya kijani kidogo kama sampuli zangu zote.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye kabati nikavunja lakiri ya lile kopo. Nikachovya karatasi moja. Nitriti ikiwa kidogo inakuwa ya waridi hafifu. Ile ilikolea ikawa zambarau iliyopita rangi ya mwisho ya kipimo kilichochapwa kwenye kopo. Nikachovya ya pili kwenye maji niliyochota upya bwawani. Zambarau ileile.

Saa sita na nusu.

Nilishusha lango la chuma la mlango wa kutokea na kuligonga kwa nyundo mpaka likaziba. Nilijua maana yake. Maji yatapanda, yatafika kwenye mashine za kukodi, na hakuna ripoti ya Jumatatu wala mkataba wa kudumu. Lakini maji yaliyokwisha kuingia mfereji yalikuwa bado yanashuka, kwa hiyo sikusubiri kuzunguka getini. Niliruka ua wa seng'enge, ukanichana kiganja, nikakimbia na chupa yangu kupitia mahindi ya watu.

Nikamkuta Mama Naserian ametoka kanisani, bado na kitenge chake cha Jumapili, mjukuu mgongoni, anamswaga yule ng'ombe wa mwisho kuelekea mferejini. Ng'ombe alikuwa ameona maji, ameongeza mwendo.

"Mama! Asinywe! Mzuie!"

Alisimama, lakini hakumzuia. "Kumbe leo umepata kiu?"

"Mama, maji yana sumu. Nimepima. Nisamehe, nilikosea."

"Alhamisi yalikuwa mazuri. Hata wewe unaweza kuyanywa." Akanyoosha mkono. "Ushahidi uko wapi?"

Nikampa chupa. Akaiinua juu kwenye mwanga. Maji safi, na jina langu kwa mwandiko mzuri. "Haya ni maji," akasema. "Umekuja kunicheka tena mbele ya mjukuu wangu?"

Ng'ombe alikuwa ameinamisha shingo. Midomo yake ilikuwa shubiri moja kutoka majini. Nilinyoosha tu mikono kama mtu anayeomba, na Mama Naserian akatazama kiganja kilichochanwa na seng'enge.

Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa kahawa.

Hakupiga kelele. Alimkamata ng'ombe pembe, akamvuta kwa nguvu ambayo sikuidhani, akampiga fimbo moja ya puani mpaka akarudi nyuma. Kisha akakitazama kiganja changu tena kwa muda mrefu.

"Nani amekunywesha?"

Nikamweleza. Yule mrefu, shuka jeusi, upinde. Nikamuuliza kama ni mumewe.

"Mume wangu alikuwa mfupi," akasema. "Na usiniulize mimi. Wewe ndiye msomi."

Nilirudi mtamboni nikamkuta Mzee Lomayani, aliyefungua geti kwa ufunguo wake, ameinama juu ya tope la bwawa la tatu. Kulikuwa na kwato za ng'ombe na alama za viatu vya matairi, zinatoka ukingoni mwa maji mpaka pale niliposimama mimi. Za kuingia hazikuwapo. Za kurudi pia hazikuwapo. Mzee alizifuta kwa kiatu chake moja baada ya nyingine, akaniambia niende nyumbani.

Mashine zililowa, nikafukuzwa Jumanne. Baadaye wakaleta mashine kubwa zaidi na kuanza kupima nitriti, nasikia. Yale marekebisho ya muda yapo hadi leo.

Na mimi pia. Nimepimwa hospitali mbili. Vipimo vinasema damu yangu haina tatizo, halafu mpimaji anaitazama sindano yake na kuniuliza natumia dawa gani. Nikinyoa nikajikata, kahawa. Midomo yangu ni ya kijivu, nikipanda ngazi nasimama katikati kupumua. Mama Naserian hajanisamehe. Tukikutana sokoni haniulizi habari za nyumbani, anaitazama midomo yangu na kuniuliza neno moja tu, "Bado?" Namwambia bado. Anaitikia kwa kichwa na kuendelea kuchagua nyanya.

Kwa hiyo usiniamini, sijali. Lakini siku mtu akija getini kwako kukwambia kitu chake kimekufa, usimjibu kwa namba ambayo hujaifuata hadi mwisho wake. Na usimdai ushahidi kwa kucheka. Mimi niliudai, ukaja, na bado unatembea ndani ya mishipa yangu.