Picha Isiyo na Mtu

Inatangazwa kwa unyenyekevu mkubwa, na wenye kofia wavue, kwamba fundi miwani wa mtaa wetu amepata picha kamilifu ya injini kuukuu ya dizeli. Imemchukua miaka kumi na tisa, jozi nne za viatu, na asubuhi moja ambayo mkewe hajaisamehe.

Asubuhi hiyo injini ilikuwa inafanya safari yake ya mwisho kabla ya kwenda kukatwa vyuma chakavu. Nyuma yake, kwenye behewa la kwanza, alipanda binti yao wa pekee, anakwenda kuanza kazi mbali, mkataba wa miaka mitatu.

"Leo unamsindikiza mtoto au dizeli?" mkewe aliuliza, akiangalia kamera shingoni mwa mumewe.

"Wote, mama. Si wanaondoka pamoja?"

Alikuwa amemwahidi binti kwamba atasimama chini ya dirisha lake na kumpungia mpaka treni ipotee. Akasimama kweli, dakika mbili nzima. Kisha wingu likasogea, akahama nguzo. Jua likachomoza upande mwingine, akahama tena, akaruka begi la watu na kuliomba radhi begi. Ungedhani kaingiwa na siafu.

Tusimlaumu bure. Chama chao cha wapenda injini kina sheria kali kuliko za ndoa: jua liangukie ubavuni, namba isomeke, moshi usimame, na asionekane kiumbe hai. Mwaka jana picha yake bora ilikataliwa kwa sababu ya mkia wa mbuzi.

"Ni mkia tu, mwenyekiti!"

"Na mwenye mkia yuko hai," mwenyekiti akasema, kesi ikaisha.

Honi ikalia. Injini ikatema moshi mweusi, wima kama askari wa gwaride. Jua likatulia. Kwenye kamera kila kitu kilikaa sawa, isipokuwa kichwa cha binti, nje ya dirisha, na mkono wake ukipunga.

"Ingiza kichwa, mwanangu!" fundi akanguruma. "Ingiza! Na mkono!"

Stesheni nzima ikashtuka. Ndani ya behewa mama mmoja akamvuta binti kwa kola. Kidole cha fundi kikabonyeza. Treni ikapita, kona ikaimeza.

"Kulikuwa na hatari gani?" mkewe akauliza.

 Fundi alikuwa ameinamia kamera, anaikuza picha, anatafuta kwenye dirisha la binti walau ncha ya kidole. Dirisha lilikuwa tupu, halali kwa sheria zote. Akaikuza zaidi. Simu ikalia.

"Baba! Nilikaribia kugonga nini, nguzo?"

"Hakukuwa na nguzo."

 Magurudumu yalisikika nyuma ya sauti ya binti.

"Lakini ulinipungia?"

"Hapana. Mikono ilikuwa na kazi."