Waliokaa Nyumba ya Mtakatifu Oliva

Sista Ersilia aliamini kwamba mtu anayeshuka kwenye basi la hija ana shida mbili, ya kwanza choo na ya pili Mungu, na kwamba ukimpeleka kwenye ya pili kabla hajamaliza ya kwanza, utakuwa umepoteza muda wako na wake. Kwa hiyo mabasi yakifika kijijini Valmerla, huko milimani, alikuwa keshasimama getini na fimbo yake, anaelekeza kama askari wa barabarani.

"Kina mama kushoto, kina baba nyuma ya ghala la kuni! Msisukumane, Mtakatifu yupo, haendi popote!"

Wakirudi wanakuta kahawa na biskuti za mahindi kwenye meza ya uani, anawaacha wapumue kwanza. Ndipo ananiita mimi, Sista Tullia, niwapandishe ghorofani kuwaonyesha chumba alimokulia mwanzilishi wetu, Mtakatifu Oliva Dal Pra. Yeye hakupanda. Nyonga yake ilikuwa mbovu, na zile ngazi zimesimama wima kama za kupandia mti.

Hakuwa ameomba kuja Valmerla. Ujanani alikuwa muuguzi, anazunguka nyumba za maskini kule tambarare kwa baiskeli, anageuza wagonjwa vitandani, anafumba macho ya wafu. Kazi hiyo ndiyo aliyoiingilia utawa. Mwaka mmoja wa barafu nyingi baiskeli ikateleza, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Mama Mkuu wa wakati ule akamwambia, "Nenda Valmerla ukapokee wageni mpaka mguu ukae sawa." Mguu haukukaa sawa. Aliniambia kwamba majira ya baridi yale ya kwanza alikuwa anajifungia ghalani na kulia kati ya kuni, akijiuliza imekuwaje mtu aliyekuwa akiosha wagonjwa apewe kazi ya kufungulia watu mlango waje watazame kitanda kisicho na mtu.

Kisha akaanza kugundua kwamba wagonjwa wake wamemfuata. Walikuja na mabasi. Mwanamume mmoja alikunywa kahawa vikombe vitatu bila kusema neno, halafu akamweleza Ersilia jinsi mke wake alivyokufa. Binti mmoja alikataa kupanda ngazi, akabaki jikoni anamenya viazi naye, na ilipofika saa ya kuondoka akamkumbatia Ersilia mpaka dereva akachoka kupiga honi. Ersilia aliacha kulia ghalani. Nilipofika mimi Valmerla, nyumba ile bila yeye usingeweza kuifikiria.

Sasa nieleze jambo lililompata, maana ndilo linalonifanya nimsimulie.

Kulikuwa na habari moja tuliyowasimulia mahujaji wote. Oliva alipotangazwa mtakatifu, shirika letu liliinunua nyumba ile. Masista wa kwanza walipofungua mlango, mwezi wa Novemba, walitegemea kukuta vumbi na panya. Wakakuta sakafu ya mbao imepigwa deki mpaka imekuwa nyeupe, na jivu limezolewa mekoni. Wakapiga magoti palepale. Wakasema Oliva ametutangulia, ametuandalia nyumba. Habari hiyo nilifundishwa na waliofundishwa na wenyewe, nami nilipenda kuisimulia. Watu waliinama wakagusa zile mbao. Wengine walilia.

Siku hiyo basi lilitoka parokia moja ya tambarare. Nilipofika mwisho wa habari yangu, watu wakaanza kuinama kama kawaida. Bibi mmoja hakuinama. Alikuwa mfupi, amevaa koti zuri la kijani, nywele zimetengenezwa saluni. Akavuka ile kamba tuliyozungushia kitanda, akaenda kukaa chini ya dirisha, sakafuni, na koti lake zuri.

"Bibi, samahani," nikamwambia, "hapo hapakaliwi."

"Mimi nimekaa hapa kabla wewe hujazaliwa."

Nikadhani ni mzee aliyechanganyikiwa. Nikamshika mkono nimwinue, akauvuta.

"Niache. Hiyo sakafu hakuiosha Oliva. Aliiosha mama yangu."

Waliokuwa wameinama wakainuka. Nikawateremsha wengine, nikamwambia Ersilia kuna bibi juu amegoma kutoka, na anatukana miujiza.

"Amesemaje hasa?"

Nikamwambia. Ersilia akafuta mikono kwenye aproni, akaishika ile fimbo, akazitazama ngazi. Akazipanda moja moja, mimi nyuma yake namkinga asianguke. Alipofika juu alikuwa anahema kama ng'ombe wa kulimia. Akatafuta pa kukaa, hakuna kiti. Akaketi juu ya kitanda cha Mtakatifu Oliva, ambacho hata askofu hakuwahi kukigusa.

"Nisamehe, dada," akamwambia yule bibi, "mguu wangu hauna adabu. Unaitwa nani?"

"Nives. Nives Tormen."

"Na mama yako?"

Bibi alikuwa amejiandaa kugombana, nilimwona. Swali hilo hakulitegemea.

"Pasqua," akasema.

Kisha akaeleza. Walikuwa wapangaji, wanalima shamba la mwenye nyumba kwa kugawana mavuno. Nives alizaliwa kwenye nyumba ile, akalala pale chini ya dirisha na wadogo zake, kwenye godoro la maganda ya mahindi. Mwaka ule mwenye nyumba akawaambia amepata mnunuzi, ni masista, wahame siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, siku ambayo kwetu wapangaji wote huhama. Baba akakodi gari la ng'ombe. Vitu vilishapakiwa, wadogo zake wameshakaa juu ya magunia, theluji inaanza. Na mama yake hatoki ndani.

"Baba akanituma nikamwite. Nikamkuta yuko magotini, na brashi, na ndoo ya maji ya jivu. Anasugua. Nikamwambia, mama, tumefukuzwa, unasugua ya nini? Unajua alinijibu nini? 'Wasije masista wakasema tulikuwa wachafu.'"

Ersilia akaitazama sakafu.

"Mikono ilikuwa imempasuka, inatoa damu. Tukaenda kwa shangazi, tukakaa kwenye chumba cha mbuzi mpaka baba alipopata kazi kwenye migodi Ubelgiji. Mimi nikaolewa na muuza aiskrimu, tukaishi Ujerumani. Sijambo, sikulalamika. Lakini mama aliendelea kumwomba huyu Oliva wenu mpaka anakata roho. Mimi sijawahi. Leo niliposikia parokia ya mwanangu inakuja huku, nikasema nije nimwone uso. Ndipo nakusikia, Sista mdogo, unawaambia watu eti muujiza."

Nilitamani sakafu ile ipasuke inimeze.

Ersilia akasema, "Mimi nimekuwa nikiwapa watu kahawa hapa miaka yote hii, na kila mtu nimemuuliza ametoka wapi. Sikuwahi kuuliza waliokuwa hapa walikwenda wapi." Akajifuta macho kwa upande wa shela. "Umekula?"

"Sikuja kula."

"Najua hukuja kula. Nakuuliza kama umekula."

Dereva alikuwa anapiga honi. Ersilia akatoa kichwa dirishani.

"Wewe! Ondoka! Huyu tutampeleka wenyewe!"

"Nani atanipeleka?" akauliza Nives.

"Sista Tullia anaendesha gari. Vibaya, lakini hajaua mtu bado."

Nives akacheka kidogo, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa kicheko mfukoni.

Tukateremka. Ersilia akasonga ugali wa njano, akabandika maharage, akakata jibini. Nives alisimama mlangoni, amefunga vifungo vyote vya koti. Aliutazama ule mwiko unavyozunguka mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Unaukoroga kama rangi ya ukuta. Utakuwa na madonge."

"Basi njoo uukoroge wewe."

"Kwani mimi mpishi wako?"

"Mgeni anayesimanga chakula na asiyekipika, huyo ni askofu."

Nives akavua koti. Akaupokea mwiko. Akasonga kwa mikono miwili, amepanua miguu, na Ersilia akakaa kando yake akimuuliza habari za Pasqua. Alikuwa mrefu? Aliimba? Alipenda nini? Nives akajibu, kwanza kwa mkato, kisha kwa urefu. Mama yake aliimba wakati wa kukamua ng'ombe, ila siku ya Ijumaa Kuu peke yake alinyamaza, na ng'ombe siku hiyo walitoa maziwa kidogo. Tulipokula nilimwona anatazama kila kona ya jiko lile. Hakuomba kupanda tena. Nilimrudisha kwa mwanawe jioni, na njiani hakuongea, ila tulipofika akaniambia, "Yule mzee mwambie nyonga ile aikande kwa mafuta ya kambare-mti." Hakukuwa na mafuta ya aina hiyo duniani. Baadaye alinieleza kwamba ni neno lao la nyumbani, Pasqua alilibuni kwa kila dawa asiyoijua jina, ajuaye maana yake ni wao tu.

Kesho yake Ersilia alimpigia simu Mama Mkuu Gaudenzia, makao makuu. Ersilia alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo simu aliiwekea sauti ya juu, nami nilisikia kila neno.

"Nataka tuache kuisimulia habari ya sakafu," akasema. "Au tuisimulie yote."

Mama Mkuu akavuta pumzi. "Ersilia, watu wanakuja kumwona Oliva. Hawaji kwa ajili ya wapangaji."

"Mama, Oliva mwenyewe alikuwa mpangaji."

"Sasa unataka tuwanyang'anye watu muujiza wao?"

"Muujiza upo palepale, hakuna aliyeugusa. Mama mmoja anafukuzwa pamoja na watoto wake, theluji inaanguka, na anapiga magoti kuwasafishia nyumba wanaomfukuza. Mimi nisingeweza. Wewe ungeweza?"



"Hapana," akasema Mama Mkuu. "Mimi ningewaachia hata kinyesi cha kuku." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Aliitwa nani?"

"Pasqua Tormen."

"Mwombeeni Misa. Mimi nitakuja."

Akaja kweli, siku ya Mtakatifu Martino. Nives alikuja na mwanawe, na kwenye buti la gari alikuwa na ndoo kubwa ya aiskrimu ya karanga, na huku nje kuna barafu mpaka kwenye mabomba. "Hicho ndicho ninachojua kutengeneza," akasema, "mkitaka kuleni, msipotaka mwageni." Baada ya Misa, Mama Mkuu alimwomba msamaha mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ya kusikika, kwa niaba ya masista ambao hawakuuliza. Nives alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alisema, "Mama angewasamehe siku ileile. Mimi nipeni muda." Tukala aiskrimu tumevaa makoti, meno yanatuuma.

Muda alioutaka aliutumia kwa kuja. Mwanzo alikuja kila kiangazi, baadaye kila alipopata mtu wa kumleta. Alikaa uani na Ersilia, wanagombana kuhusu ugali na jinsi ya kukunja vitambaa. Mahujaji walidhani ni ndugu. Mimi ghorofani nilisimulia habari yote sasa, ya Oliva na ya Pasqua, na watu waliendelea kuinama na kuzigusa mbao, pengine zaidi ya zamani. Wengine walishuka wakamkuta mtoto wa Pasqua amekaa juani, anawaambia biskuti zimeungua lakini wale tu.

Mwaka ambao mguu wa Ersilia ulikataa kabisa, tuliambiwa ahamie nyumba ya masista wazee, mjini. Alilipokea neno hilo kwa utulivu kunizidi. Nives akaja siku moja kabla kumsaidia kupakia. Vitu vyote viliingia kwenye sanduku moja. Walipomaliza, Ersilia akaanza kutafuta ufagio.

"Kaa chini," Nives akamwambia.

"Nataka nifagie chumba tu, kwa anayekuja."

"Nimesema kaa chini! Kwenye nyumba hii ametosha mmoja kutoka akiwa magotini." Akamkalisha kwenye kiti, akamvalisha soksi, kwanza mguu mzima, kisha ule mbovu, taratibu, kama anavyovalishwa mtoto anayesinzia. Ersilia, ambaye maisha yake yote alikuwa amewavalisha wengine, alinyoosha mguu akamwachia.

"Oliva nimemwomba," Nives akasema bila kuinua kichwa. "Jana. Mara ya kwanza."

"Umemwomba nini?"

"Hayakuhusu."

Nikawaendesha wote wawili mpaka mjini. Nives alikaa nyuma naye, amemshika mkono kwenye kila kona, analaani uendeshaji wangu. Sista Ersilia aliishi kule majira mawili ya baridi. Nives alikwenda kumwona kila Jumapili kwa basi, na ndiye aliyekuwa kando yake asubuhi ile alipofariki usingizini, dirisha likiwa wazi. Alimfumba macho yeye mwenyewe, akamchana nywele, kisha akatupigia simu.