Fungua Mbele

Zamani, siku dada yangu Nabintu alipoolewa pale Cimpunda, mupiga akordeoni alikuja na chombo chenye kidole kimoja kimekwama. Kila wimbo ulifika mahali ukaruka kama mbuzi. Sisi tukaruka nao, tukidhani ndiyo dansi mpya. Nabintu alicheka mpaka shela ikaangukia sahani ya wali. Alikuwa mutu wa kucheka, yule. Na ni yeye tulikuwa tunaenda kuzika Luvungi, kwa mume wake. Joto la kule halingoji. Padri alishatuma neno: misa mchana, mwenye kuchelewa atakuta udongo.

Asubuhi tulitoka Nyawera: mimi, jirani yangu Maman Furaha, na Deo, mutoto wa dada yangu mwingine, na jipu la kuazima. Kuendesha Deo anajua. Jipu lenyewe, sijui.

Kwenye muteremuko wa Ngomo tukakwama matopeni. Shofere wa lori lililokuwa nyuma akaja, akachungulia ndani.

"Petit, kifimbo chako cha gia iko mu quatre, magurudumu yote ine, lakini mbele iko wazi. Inavuta nyuma tu! Ngoja nikufungie."

Akainama kwenye gurudumu la mbele, huku, kisha kule. Tukatoka. Akapaza sauti: "Ukifika kwa lami, ufungue mbele!"

Kamanyola, lami ilipoanza, Deo akasimama, akafungua kapo. Tukaiangalia injini sisi wote. Maman Furaha akasema iko muzuri. Deo akafunga, tukaenda.

Hapo shida ikaanza. Njia ikinyooka, kimya. Ikifika kona, usukani unakuwa muzito, jipu linashika, linaruka, linashika tena, magurudumu yanalia.

"Ni rotule ya usukani," Deo akasema.

"Ni marehemu," akasema Maman Furaha. "Hataki tufike."

"Nabintu? Huyo alikuwa anakaribisha hata watu wa kodi!"

Deo akasimama, akafungua kapo tena. Kumbe, na hii niliambiwa siku nyingi baadaye, katikati ya gurudumu la mbele kuna kitu cha kuzungusha: kwa matope unafunga, kwa lami unafungua. Sisi tulikuwa tunafungulia injini hewa.

Pa kuingilia Luvungi, kwenye kona, jipu likakataa kabisa. Deo akafungua kapo mara ya tatu. Mekanisie wa pale akauliza:

"Umefungua mbele?"

"Mara tatu!" Deo akajibu kwa hasira.

"Basi ni kardani. Tuteremushe." Akaingia chini na funguo zake.

Upande wa makaburi nikasikia wimbo, ule wa kushusha sanduku. Maman Furaha akawa tayari analia.

"Tonton, kidogo tu, tunamaliza," Deo akasema, kichwa ndani ya kapo.

Sikujua kardani ni nini, na mpaka leo sijui vizuri. Nikavua viatu vilivyojaa matope, nikaviacha pale kwenye lami, nikafuata sauti. Deo aliniita mara mbili. Hilo jipu sikulirudia.