Debe la Juu ya Gunia

Juzi pale Uyole niliona gunia la viazi likishonwa lumbesa, limejazwa kupita mdomo wake, nikasikia tena harufu ya udongo wa shamba letu.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba mdogo alikuja na lori kununua viazi vya mama. Kila gunia lilipojaa, alirundika debe zima juu, kwa bei ileile.

“Shemeji, ndivyo soko linavyotaka.”

Mama akachukua sindano ya kushonea gunia. Mimi nilidhani tunampa zawadi, nikamwongezea viazi vikubwa kwa mikono yangu.

“Huyu nitamsomesha pamoja na wanangu,” baba mdogo alisema, akinipapasa kichwa.

Wanawe walikwenda shule ya bweni. Sasa najua madebe yale ndiyo yaliyowasomesha. Mimi nilibaki nikipalilia, nikiwaambia wenzangu kwamba baba mdogo atakuja kunichukua.